Macho ya Murielle

Siku ya kliniki ya macho, Marcelline alimwogesha mwanawe, akampaka mafuta, akamfunga kifuani kwa kitenge na kumuaga mumewe kama mtu anayekwenda hospitali. Akapanda teksi kwenye barabara ya Jules. Lakini alipofika mahali pa kushuka na kuunganisha teksi nyingine, alisimama kando ya robot, taa za kuongozea magari, akaziacha teksi za kwenda hospitali zijae na kuondoka mbele yake, moja baada ya nyingine. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea Kensington.

Alizungukazunguka madukani mpaka mchana. Aliingia kwa muuza vitambaa, akashikashika kitambaa cha shweshwe ambacho hakukihitaji. Alikaa kwenye benchi akanyonyesha. Upepo wa Agosti ulipoanza kuuma, akamfunika mtoto miguu kwa skafu yake. Murielle alilala sehemu kubwa ya muda huo, mdomo wazi, pumzi yake ikimgusa mama yake chini ya shingo.

Aliporudi nyumbani Malvern, mumewe, Placide, alikuwa anapiga pasi sare yake ya ulinzi.

"Docteur anasema nini?"

"Anasema macho ni mazuri."

Placide aliisimamisha pasi, akamchukua mtoto kwa mikono miwili na kumbusu utosini. Jumapili alisimama mbele ya kanisa lao, katika ghorofa ya jengo la zamani katikati ya jiji, akashuhudia kwamba mtoto wake aliyezaliwa mdogo kama njiwa ametoka hospitali akiwa mzima, kila kiungo mahali pake. Watu wakapiga vigelegele. Marcelline alitazama sakafu.

Hakuwa mtu wa kusema uongo. Wanawake wengi wa Malvern walimjua kama msusi wa mikono myepesi katika saluni ya Maman Marthe, Mkongo wa Uvira asiyependa umbea. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili kabla ya hii. Hii ya tatu ilifika mwezi wa saba, shinikizo la damu likampanda, madaktari wakasema mtoto atoke, la sivyo wote wawili watapotea. Murielle alitoka akiwa na uzito wa pakiti ya sukari na kidogo juu yake. Kwa majuma mengi Marcelline aliishi katika wodi ya watoto njiti. Alijifunza kukamua maziwa kwenye kikombe, alijifunza kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, alijifunza kulala akiwa ameketi. Alizijua sauti za mashine kama anavyojua sauti za majirani.

Halafu ikaja siku ya macho. Daktari alipita na taa aliyoivaa kichwani, na kabla yake muuguzi akawatia watoto matone ya kupanua mboni. Akina mama waliambiwa wanaweza kusubiri nje, lakini Marcelline hakutoka. Aliona kijichuma chembamba kikiwekwa kati ya kope za mwanawe ili jicho lisifumbe. Aliona mwanga mkali ukimulikwa ndani. Akasikia kilio ambacho hakuwahi kukisikia kwa mtoto yule, kilio cha kukatikakatika, na ghafla kilio kikanyamaza. Midomo ikawa ya bluu, kisha uso wote. Mashine ikapiga kelele. Muuguzi alimsugua Murielle nyayo, akamwekea oksijeni puani, na rangi ikarudi kabla Marcelline hajamaliza kulitaja jina la Yesu. Wauguzi wakaendelea na kazi, kwa maana jambo hilo walikuwa wameliona mara nyingi. Yeye hakuwa ameliona hata mara moja.

"Mishipa ya damu nyuma ya jicho haijamaliza kukua," daktari alimweleza baadaye kwa Kiingereza. "Leo hatuoni tatizo, lakini lazima tumwangalie tena baada ya wiki mbili. Ni muhimu sana, mama."

Marcelline aliitikia kwa kichwa. Alichosikia ni kwamba leo hakuna tatizo.

Siku chache baadaye waliruhusiwa kwenda nyumbani. Murielle alinyonya, akanenepa, akaanza kufumbua macho meusi yanayong'aa kama mbegu za papai. Nani angeyatazama macho yale akasema yana ugonjwa? Marcelline alijiambia kwamba hatamrudisha mwanawe kwenye kile kijichuma. Na simu yake ilipoita kutoka namba asiyoijua, aliiacha iite mpaka ikachoka.

Jumamosi moja Monicah alikuja na binti yake, Lorraine, kusukwa. Monicah alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa benki, mke wa mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Kiplagat. Walikuwa wakija saluni kwa miaka, na tangu Marcelline ajifungue, Lorraine alikuwa amekataa kusukwa na mtu mwingine. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na alikuwa haoni kabisa. Alisema wasusi wengine humvuta kichwa kama wanang'oa mihogo. Basi mama yake akampeleka chumbani kwa Marcelline, na Marcelline, ambaye alihitaji kazi na aliipenda, akakubali.

Lorraine aliketi kwenye mto sakafuni. Marcelline alikaa nyuma yake kwenye kiti, Murielle amefungwa kifuani, vidole vikipita haraka katika nywele. Monicah alikuwa ukingoni mwa kitanda akisoma ujumbe kwenye simu.

"Anti, huyu mtoto ananipumulia kichwani," Lorraine alisema.

"Anakusumbua?"

"Hapana, ni vizuri. Anapumua haraka sana. Ni mdogo kiasi gani?"

"Sasa ni mnene. Ungemwona vile alizaliwa..." Marcelline aliuma mdomo. Mbele ya Lorraine neno la kuona lilimponyoka kila mara.

Lorraine hakujali. "Alizaliwa kabla ya wakati? Kama mimi?"

Vidole vya Marcelline vikasimama. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani mtoto huyu aliumbwa hivyo tumboni. Hakuwahi kuuliza, maana mambo ya watu hayaulizwi.

"Wewe nawe ulikuwa njiti?"

"Sana. Mum anasema ningelala ndani ya kiatu cha Baba. Ndiyo maana sioni. Macho yangu yalikuwa hayajamaliza, yakaendelea kukua vibaya, na hakuna aliyeyaangalia." Aliinua uso wake kuelekea pumzi za mtoto. "Ya Murielle yameangaliwa?"

"Yameangaliwa," Marcelline alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mara moja."

"Mara moja haitoshi. Ni mpaka yaishe kukua. Mum, si ndiyo?"

Monicah alikuwa ameshaiweka simu kando. Alimtazama Marcelline, si kwa ukali, bali kama mtu anayesikia mlango ukigongwa nyumbani kwake.

"Mama Murielle, mara ya pili mlikwenda lini?"

Chozi lilimdondoka Marcelline likaangukia kitenge, akalifuta kwa kiganja chenye mafuta ya nywele.

"Alikuwa bluu," alisema. "Mama Lorraine, niliona mtoto wangu anakufa mbele yangu. Niliogopa."

"Nakusikia," Monicah alisema. Akaikunja mikono mapajani. "Lorraine alizaliwa kule nyumbani, kabla hatujahamia huku. Alikaa kwenye oksijeni muda mrefu. Siku tuliyotoka hospitali tulifanya sherehe, mama mkwe alichinja mbuzi. Alikuwa amepona, tuliamini hivyo. Hakuna aliyetuambia habari za macho. Miezi ilipita, nikaona haniangalii usoni. Nikitikisa ufunguo anageuka, nikinyamaza hageuki. Tulipompata daktari wa macho, retina ilikuwa imebanduka, na akasema hakuna la kufanya tena." Akamgeukia Marcelline. "Wewe uliogopa. Mimi hata hiyo nafasi ya kuogopa sikuipata."

Lorraine alinyoosha mkono juu, akautafuta mguu wa Murielle, akaushika.

"Sasa si tuwapigie tu simu?" alisema.

Monicah ndiye aliyepiga. Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Nomvula, yule aliyemsugua Murielle nyayo siku ile, naye alimkumbuka mara moja. Marcelline alisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, kubwa na isiyo na hasira.

"Tumekuwa tukimpigia. Asisubiri siku ya kliniki. Amlete Jumatatu asubuhi, nitamwambia Daktari Muhammad. Na umwambie asikae nyumbani kwa aibu. Hapa hatumgombezi mtu."

Marcelline alitaka kuacha kusuka, lakini Lorraine alishika upande wa kichwa chake uliokuwa bado wazi na kusema hawezi kwenda kanisani nusu kuku nusu bata. Basi wakacheka wote, kicheko cha watu waliotoka kulia, na Marcelline akamaliza mistari iliyobaki.

Placide alirudi kutoka kazini jua likiwa bado ukutani. Marcelline alimngoja avue viatu.

"Placide, kaa kwanza."

Akakaa.

"Ile siku ya kliniki, sikufika hospitali. Nilishuka njiani. Docteur hakuniambia macho ni mazuri. Hakuna docteur aliyeyaona."

Placide alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ngeni. "Nilisimama mbele ya watu wa Mungu," alisema polepole. "Nikashukuru kwa kitu ambacho hakikutokea."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia unaogopa? Mimi si baba yake?"

"Ungesema twende."

"Ningesema twende, ndiyo! Ningesema twende wote wawili!" Mtoto akashtuka, akatupa mikono hewani. Placide akashusha sauti. "Wote wawili, Marcelline. Ningekuwa nimesimama pale na wewe."

Alimchukua Murielle, akaenda naye dirishani penye mwanga, akapitisha kidole mbele ya uso wake, kulia, kushoto, kulia tena. Macho ya mtoto yalitazama mahali pengine.

"Hafuati," alisema.

"Bado ni mdogo. Hata ambaye ni mzima hafuati katika umri huu. Sista ndivyo alivyotuambia wodini."

Placide aliendelea kupitisha kidole. Marcelline alikwenda akasimama nyuma yake, akaegemeza paji la uso mgongoni mwake. Placide hakumsukuma. Baada ya muda alitoa simu mfukoni, akampigia mwenzake wa kazini, Parfait, amwombe wabadilishane zamu ya Jumatatu.

Jumatatu Monicah aliomba ruhusa benki, akaja kuwachukua kwa gari lake. "Kiingereza cha hospitali kina maneno yake," alimwambia Placide alipotaka kukataa. "Leo nyinyi muwe wazazi tu, mengine niachieni."

Daktari Muhammad, yule yule aliyempima Murielle wodini, alikuwa kijana mwenye sauti tulivu, mtu aliyeonekana kulala kidogo na kucheka kirahisi. Kabla hajagusa mtoto aliuliza kama kuna jambo lolote wanalotaka kumwambia. Monicah alifungua mdomo kutafsiri, lakini Marcelline alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha saluni.

"Last time, she stop breathing. She go blue. I am afraid of you."

Placide aliinamisha kichwa. Daktari hakucheka. Aliweka taa yake mezani, akavuta kiti, akakaa.

"Una haki ya kuogopa," alisema, na Monicah akatafsiri. "Watoto wadogo hivi wakiumizwa au wakishtuka husahau kupumua. Ndiyo maana hatuwapimi bila mtu wa kuwatazama. Leo tutamfunga kipimo mguuni, oksijeni itakuwa hapa hapa, na tutasimama kila mara apumzike. Ukitaka kutoka, toka. Ukitaka kukaa, nitakupa kazi."

"Nakaa," alisema Marcelline.

Kazi yake ilikuwa kumfunga Murielle shuka mikono ndani, kumdondoshea maji ya sukari ulimini na kumwimbia. Aliimba wimbo wa kwao Uvira ambao hakukumbuka maneno yake yote. Kijichuma kiliwekwa. Murielle alilia, na kile kilio cha kukatikakatika kikarudi, na Marcelline akaacha kuimba. Sista Nomvula aliangalia namba kwenye mashine. "Bado yuko sawa, mama. Imba." Akaimba. Daktari alichungulia kupitia kioo kidogo alichokishika kwa vidole, akasimama, akangoja, akachungulia tena, kisha akahamia jicho la pili. Mtoto aligeuka mwekundu kwa hasira. Bluu haikuja.

Daktari alipovua taa kichwani, Marcelline alijua kabla hajasema. Uso wake ulikuwa umeacha ule wepesi.

Alichora duara kwenye karatasi. Hili ni jicho kwa nyuma, alisema. Mishipa ya damu ilitakiwa ienee mpaka ukingoni, lakini imeishia hapa. Hapa ilipoishia imeanza kuota mishipa mingine, mibaya, iliyojaa na kujipinda. Iko katika macho yote mawili, na jicho la kulia limezidi. Mishipa ile ikiachwa...

Monicah aliyekuwa akitafsiri sentensi kwa sentensi alinyamaza. Aliutazama mchoro.

"Mama Lorraine," Placide alisema kwa upole, "sema tu. Tunasikia."

"Ikiachwa itaivuta retina," Monicah alisema. "Itaibandua. Na hapo mtoto haoni."

"Tumechelewa?"

Daktari Muhammad alielewa swali bila kutafsiriwa. "Mngekuja mwezi ujao, ningesema ndiyo," alijibu. "Leo hamjachelewa. Lakini sitaki zipite siku mbili. Kesho tutamlaza usingizi, tutamtibu kwa mwanga wa leza. Tunachoma kwa vitone vidogo ile sehemu isiyo na mishipa, na mishipa mibaya ikikosa kazi hunywea. Anaweza kupoteza kidogo pembeni mwa uoni. Tunachotaka kuokoa ni katikati, pale atakapoionea sura yenu."

Marcelline alitia sahihi fomu ya kuruhusu matibabu.

Siku iliyofuata Murielle aliingizwa chumba cha upasuaji, akiwa kwenye kitanda kikubwa mno kwake, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye meza ya karamu. Placide alitembea ukumbini huku na huku, akamaliza, akaanza tena. Mchana Monicah alifika kutoka kazini na chai ya maziwa kwenye chupa na chapati, akakaa karibu na Marcelline.

Kisha Monicah alisema, macho yake yakiwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, "Nataka kukuambia kitu kibaya."

"Sema."

"Nimemwombea Murielle tangu Jumamosi. Kweli kabisa, kwa moyo wote. Na kila nikimaliza kuomba, naona wivu. Najiuliza kwa nini mlango huu haukuwepo kwa wangu."

Marcelline alichukua mkono wa Monicah, akauweka juu ya paja lake na kuufunika kwa mikono yake yote miwili. Wakakaa hivyo. Placide alipopita mbele yao aliwatazama, akageukia upande mwingine ili awaache.

"Lorraine anajua?" Marcelline aliuliza baadaye. "Kwamba bado inakuuma?"

"Anajua kila kitu, yule. Jana aliniambia, 'Mum, mimi niko sawa, lakini wewe unaruhusiwa kulia.'" Monicah alicheka na kujifuta pua kwa kitambaa cha karatasi. "Unaruhusiwa! Kama mwalimu mkuu."

Murielle alitoka kope zikiwa zimevimba kama maandazi mawili. Alikuwa akipumua mwenyewe. Daktari alisema kazi imekwenda vizuri, ila jicho la kulia limemsumbua, na hawezi kuahidi kitu mpaka aone mishipa ikinywea.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya matone na safari. Safari hizi walikwenda wote wawili, na zamu za Placide zilipokataa, Marcelline alikwenda peke yake na akafika. Jicho la kushoto lilitulia mapema. La kulia lilikaidi, likahitaji kurudiwa leza, na usiku huo Placide alikula kidogo na hakuwasha redio. Lakini siku moja daktari alichungulia, akachungulia tena, akamwita mwanafunzi wake naye aangalie, kisha akavua taa.

"Retina imelala mahali pake," alisema. "Zote mbili."

Monicah hakuwepo siku hiyo, wala hakuhitajika. Marcelline alielewa kila neno. Aliuliza kwa Kiingereza, "She will see?"

"Ataona. La kulia litakuwa dhaifu, na nadhani atahitaji miwani mapema, pengine kabla hajatembea. Tutaendelea kumfuatilia kwa miaka. Usinikimbie tena."

"Sikukimbii," alisema Marcelline, na safari hii hata daktari alicheka.

Jumapili iliyofuata Placide alimnong'oneza kanisani kwamba anataka kusimama kusahihisha ushuhuda wake. Marcelline alimshika mkono akamrudisha kitini. Alisimama yeye. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu wengi, na sauti yake ilianza kama ya mtu aliye chini ya maji. Aliwaambia alivyoshuka kwenye teksi, alivyozunguka madukani na alivyomdanganya mume wake. Aliwaambia juu ya rangi ya bluu na juu ya leza. "Mimi sijui Biblia sana," alisema. "Lakini mama yeyote mwenye mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, amepelekwa kupimwa macho? Akiambiwa arudi, arudi. Akiogopa, aniite. Nitaenda na yeye." Mchungaji alisema amina. Hakuna aliyepiga vigelegele, na hilo halikumvunja moyo, kwa sababu ibada ilipokwisha, mwanamke wa Kirundi aliyeitwa Jeannine alimfuata kwenye ngazi, mtoto mgongoni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba kile kijichuma hakiharibu jicho.

"Hakiharibu," alisema Marcelline. "Kinatisha tu. Siku yenu ni lini?"

Murielle alianza kutabasamu mvua zilipoanza, na kufuata vitu kwa macho baada yake kidogo. Alifuata mkono wa baba yake, alifuata pazia, alifuata kuku wa jirani aliyekuwa amefungwa uzi mguuni. Placide aliripoti kila jambo kwa simu, kwa ndugu zake Uvira na kwa Parfait, ambaye hakuwa ameuliza. Siku Monicah na Lorraine walipokuja kumtembelea, Marcelline alimweka mtoto mapajani mwa Lorraine.

"Anafanya nini?" Lorraine aliuliza.

"Anakuangalia."

"Anaangalia nini hasa?"

Marcelline aliinama, akatazama vizuri ili asiseme uongo. "Anaangalia mdomo wako. Ukisema, anafungua wake. Sasa anaangalia hereni. Sasa mdomo tena."

Lorraine alinyamaza ili ampime, kisha akapanua mdomo ghafla kama simba. Murielle akapiga kelele ya furaha, akampiga kofi la pua. Lorraine alicheka hadi akakohoa. Monicah, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka pia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha.

Miwani ilikuja mwaka uliofuata, kama daktari alivyosema, kabla Murielle hajatembea. Ilikuwa ya plastiki ya rangi ya waridi, yenye utepe wa kuzungushia kichwa, vioo vyake vinene kuliko vidole vya mwenyewe. Murielle aliichukia. Aliivua akaitafuna, aliivua akaitupa nyuma ya jiko, na mara moja iliokotwa ndani ya sufuria ya maharage. Marcelline aliirudisha, akaivalisha tena, mara nyingi kiasi kwamba alifanya hivyo bila kufikiri.

Siku ya kwanza aliyokubali kukaa nayo walikuwa kwenye teksi wakitoka kliniki. Murielle alisimama juu ya mapaja ya mama yake, mikono miwili kwenye kioo cha dirisha. Alikuwa amenyamaza kabisa. Nje kulikuwa na mabango, matairi yaliyopangwa kando ya barabara, mwanamke anachoma mahindi, mbwa. Kichwa chake kidogo kiligeuka kwa kila kimoja. Bibi mmoja wa Kizulu aliyekaa karibu nao aliitazama miwani ile, akapiga makofi.

"Hawu! Profesa wetu anaangalia nini?"

"Kila kitu, gogo," alisema Marcelline, akimwita bibi kwa Kizulu chake. "Acha aangalie."